Kati ya Kufua na Kuvua

Tuseme umefungua mswada wa utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, na umefika kwenye ubeti unaomsimulia mwanamke aliyeteremka kisimani. Mwandishi ameandika kwamba alifua nguo. Au ameandika kwamba alivua nguo. Kwenye karatasi hakuna tofauti, kwa sababu Kiarabu hakina herufi ya v, na waandishi wengi wa mwambao waliitumia fa kwa sauti zote mbili. Usomaji mmoja unakupa mama aliye kwenye kazi zake za kila siku, na mwingine unakupa tukio ambalo mtunzi mcha Mungu wa Pate au Lamu asingelitaja bila sababu kubwa. Anayeamua ni mtu mmoja aliyeinama juu ya karatasi. Baada ya hapo kitabu kitachapishwa, wanafunzi watakikariri, wahakiki watakijengea hoja, na ni wachache mno watakaorudi kuutazama mswada wenyewe.

Kazi hii ya kuitoa miswada ya Kiswahili kwenye khati ya Kiarabu, kuilinganisha, kuisahihisha na kuieleza, ina watu wake, na watu hao si wengi. Nimesoma kazi zao kwa miaka, hasa yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa ambayo wasomaji wengi huyaruka. Naandika kuwasifu. Tunapozungumzia usomi siku hizi tunazungumzia vyeti, vyeo na idadi ya makala, na mimi sijaona mahali ambapo kusoma kwa kina kunajidhihirisha wazi kuliko hapa, kwenye konsonanti moja ambayo mtu amekaa nayo mwezi mzima.

Kwanza ieleweke ugumu wenyewe uko wapi. Alfabeti ya Kiarabu ina herufi 28. Haina p, v, ch, wala g ya Kiswahili. Haina ny wala ng'. Sauti zetu zinazoanza na king'ong'o, kama mb, nd, nj na ng, mara nyingi ziliandikwa kwa konsonanti yake tu, bila ile m au n ya mbele. Irabu nazo ni alama tatu: fatha, kasra na dhumma. Sisi tuna irabu tano, basi i na e zikagawana kasra, u na o zikagawana dhumma. Waandishi wa zamani hawakuona taabu yoyote katika hili. Waliandika maneno waliyoyajua kwa watu walioyajua, na mswada aghalabu ulisomwa kwa sauti na kwa mahadhi mbele ya hadhira ambayo ilikwisha kuusikia utenzi huo. Karatasi ilikuwa ya kukumbusha. Taabu ilianza pale waliokumbuka walipofariki na karatasi ikabaki peke yake.

Mfano utaonyesha vizuri zaidi. Kwa kawaida ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Sasa chukua ubeti ambao vipande vyake vitatu vya mwanzo vinaishia kwa maneno haya, yote yakiwa na fatha tupu: ba na ba, shini na ba, kafu na ba. Mfano ni wangu, ila hali kama hii humkuta kila anayeifanya kazi hii. Ba inaweza kuwa b, p au mb. Shini inaweza kuwa sh au ch. Kwa hiyo neno la kwanza ni baba, au papa, au pamba. La pili ni shaba, au chapa, au shamba. La tatu ni kaba, au kapa, au kamba. Mtu atasema kina kitatuokoa. Hebu jaribu. Baba, shaba, kaba: kina kiko sawa. Papa, chapa, kapa: kiko sawa pia. Pamba, shamba, kamba: kiko sawa vilevile. Mizani haisemi kitu, maana maneno yote yana silabi mbili. Una beti tatu kamili ndani ya alama zilezile, moja ya baharini, moja ya shambani, moja ya nyumbani, na mtunzi alikusudia moja tu.

Msomaji wa haraka atachukua maneno yaliyomjia kwanza. Mhariri wa kweli anaanza kuzunguka. Anakitazama kipande cha nne, kwa sababu hicho hakifungwi na kina hiki na huenda kikasema jambo kwa uwazi. Anarudi kwenye ubeti uliotangulia, maana tenzi husimulia, na kisa hakirukii pwani bila kuaga shamba. Kisha anaondoka kabisa kwenye ubeti na kumsoma mwandishi mwenyewe. Je, huyu ni miongoni mwa waandishi walioazima ile pa ya Kiajemi yenye nukta tatu? Kama ndiyo, anaitumia kila mara au pale anapokumbuka tu? Ikiwa kila p katika mswada mzima ina nukta tatu, na hapa pana nukta moja, papa ameondoka pamoja na pamba, na katika yale matatu amebaki baba. Ikiwa mwandishi huziweka nukta hizo siku moja na kuziacha siku ya pili, ushahidi huo hauna nguvu. Lakini ili kujua hilo ni lazima upitie mswada wote kuanzia bismillahi hadi tamati, ukihesabu. Na mswada wenyewe unaweza kuwa mrefu: Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728 kuhusu vita vya Mtume na Herkal, una beti zaidi ya elfu moja. Neno moja la silabi mbili linakudai kitabu kizima.

Hapo ndipo heshima yangu kwa watu hawa inapoanzia. Elimu yao inaonekana zaidi katika jinsi wanavyojizuia. Mtu asiyejua mengi huona usomaji mmoja, na kwa kuwa ni mmoja hana sababu ya kusita. Aliyesoma sana anaziona njia tatu pale ambapo mwenzake ameona moja, na kisha ana subira ya kuziacha zote tatu wazi mpaka kila shahidi amesikilizwa.

Mashahidi ni wengi. Kuna mizani. Kipande kikija na mizani saba, kuna kitu kimeanguka, na mara nyingi ni kitu kidogo sana, kama na ya kuunganisha au m inayosimama kama silabi yake yenyewe. Masikio ya mtu aliyezoea kughani yatasimama hapo hata kabla macho hayajahesabu. Kuna nukta. Katika Kiarabu ba, ta, tha, nuni na ya zikiwa katikati ya neno huwa na umbo moja, na nukta ndizo zinazozitenganisha; nukta ikifutika kwa unyevu, au mdudu akitoboa karatasi mahali pabaya, herufi moja inageuka nyingine. Kuna jicho la mnakili. Tenzi hupenda kuanza beti kadhaa mfululizo kwa neno lilelile, na mtu anayenakili usiku kwa taa ya mafuta huinua macho kwenye ubeti wa tatu na kuyarudisha kwenye wa tano bila kujua. Ubeti wa nne umepotea katika nakala yake na katika nakala zote zitakazotoka kwake. Ndiyo maana mhariri anataka miswada miwili, mitatu, mitano ya utenzi uleule, na anataka kujua ipi imezaa ipi, kwa sababu nakala nne zilizotoka kwa mama mmoja ni shahidi mmoja.

Kuna lahaja pia. Mnakili wa Unguja akiunakili utenzi wa Lamu huandika anavyosema yeye. Kiamu kinasema moya, yeye anaandika moja. Maana haijaharibika hata kidogo, lakini tenzi nyingi kina chake cha kituo ni ya, na sasa kina kimevunjika. Mhariri anayekijua Kiamu anakutana na moja mwishoni mwa kipande cha nne na mara moja anajua kwamba mswada huu ulipita Unguja kabla ya kumfikia. Kosa limempa historia ya safari ya karatasi. Na likimfundisha hilo, ataanza kuyashuku maneno mengine ya Kiunguja yaliyomo katikati ya vipande, ambako hakuna kina cha kuyalinda.

Katika yote haya wana kanuni moja inayoenda kinyume na tamaa ya kila msomaji. Miswada ikitofautiana, mmoja ukiwa na neno la kawaida na mwingine ukiwa na neno gumu lisilojulikana, lile gumu ndilo lenye haki ya kusikilizwa kwanza. Mnakili hulainisha asichokielewa. Ni nadra mno mtu achukue neno jepesi na kulifanya fumbo. Kwa hiyo mhariri hulazimika kukaa na neno ambalo haliko katika kamusi yoyote aliyonayo, huku neno jepesi likimwita kutoka mswada wa pili.

Neno gumu humtoa mtu nje ya maktaba, na hapa usomi huu unaanza kudai mambo ambayo hakuna chuo kimoja kinachoyafundisha yote. Unahitaji Kiarabu, kwa kuwa watunzi walikuwa wanazuoni na visa vingi vimetoka kwenye vitabu vya Kiarabu. Unahitaji Qurani na tafsiri zake. Unahitaji pia kujua nyumba ya mawe inavyojengwa, biharusi anavyopambwa, na jahazi linavyokwenda. Chukua neno demani. Karibu kila mtu atakwambia ni majira ya mwaka, baada ya kusi kupungua nguvu. Baharia atakwambia pia kwamba demani ni kamba ya tanga, na upande wa chombo ulioupa upepo kisogo, na kwamba mwenzake ni joshi. Mhariri asiyewahi kukaa na mabaharia atauweka msimu ndani ya ubeti ambao mtunzi alikuwa anafunga kamba.

Ndiyo maana namhesabu marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki 2017, kuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa lugha hii. Alilelewa katika ushairi. Aliijua khati, alizijua lahaja, na aliyajua maneno ya kazi za mikono ya watu wa kwao. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unasimulia uundaji wa chombo cha kisiwa cha Lamu, na ndani yake majina ya mbao, kamba na vifaa yamehifadhiwa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umbuji wa Kiwandeo ukaja mwaka 1985. Watafiti kutoka vyuo vya mbali walimwendea Mombasa na maneno yao magumu. Nina hakika kwamba tenzi nyingi zilizochapishwa katika nusu ya pili ya karne ya 20 zingekuwa maskini zaidi bila watu kama yeye, hata pale ambapo jina lililo kwenye jalada ni la mwingine.

Na majina ya kwenye majalada yanastahili kuangaliwa vizuri, maana kazi hii hupita mikononi mwa wengi. Tazama mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu na katika karatasi chache. Miaka mingi baadaye mwanazuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wangali wanayakumbuka, akayaandika na kuyaeleza. Alikuwa akifanya kazi na mmisionari Mwingereza, William Ernest Taylor, mtu mwenye sikio kali ajabu kwa sauti za Kimvita, lahaja ya Mombasa. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor zikafika London, William Hichens akazitumia kuitoa Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Kisha mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz, msomi aliyeijua Mombasa kwa ndani, akayarudia mashairi hayo na kuyaeleza upya pamoja na historia yake: ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, vitisho kati ya Mombasa na Lamu, kuanguka kwa Mombasa mwaka 1837. Bila historia hiyo nusu ya mashairi yale ni vitendawili, kwa sababu Muyaka alikuwa anawajibu watu fulani kuhusu jambo fulani la wiki ile.

Katika mnyororo huo wote mimi husimama kwa Sikujua. Bila yeye Taylor angepata maneno bila maana zake, na pengine asingepata hata maneno. Aliijua elimu ya msikitini, na aliona kwamba mashairi ya mtu wa mjini, ya mapenzi, biashara na matusi ya kisiasa, yanastahili uangalifu uleule anaoupa matini ya fiqhi. Kwa mwanazuoni wa zama zake huo ulikuwa uamuzi mkubwa.

Taylor naye alileta kitu ambacho bado hatujakitumia ipasavyo. Alibuni alama za kuonyesha sauti za Kimvita ambazo tahajia yetu ya leo inazificha. Mmvita akisema paa la nyumba na paa wa porini, sikio lake linasikia maneno mawili, maana p ya mnyama hutoka na pumzi. Kaa la moto na kaa wa pwani vilevile. Kuna t ya menoni na t ya ufizini. Mshairi wa Mombasa anacheza na tofauti hizo kama anavyocheza na vina, na sisi tuliolelewa kwenye Kiswahili sanifu tunapita juu yake bila kuhisi. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi London kwa miaka mingi, aliendelea kuzitetea sauti hizi na kutengeneza namna ya kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Wapo waliomwona amezidisha. Mimi naona alikuwa sahihi, kwa sababu ushairi hutungwa kwa sauti ambazo mtunzi anazo kinywani, na kamati ya tahajia iliyokuja baadaye haiwezi kumnyang'anya.

Ipo pia namna ya kufanya kazi hii barazani, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Kitabu cha nyimbo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, mshairi na shujaa wa masimulizi ya kale, kilichotoka Ujerumani mwaka 2004, kiliandaliwa na kundi zima, wakiwemo Nabhany, Yahya Ali Omar, Abdulaziz, Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir Juma Bhalo, Farouk Topan, Said Khamis na Gudrun Miehe. Washairi na wanaisimu walikaa meza moja. Mwanaisimu anaweza kueleza kwa nini umbo fulani la kitenzi ni la zamani. Mshairi anasikia kwamba kipande hakiimbiki hata kama sarufi imekubali. Nyimbo za Liyongo zina maneno ya kale mno hivi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kuyajua yote, na kundi hilo lilikuwa na busara ya kuanzia hapo.

Tabia hiyo ndiyo iliyomo katika maelezo ya chini ya ukurasa niliyoyataja. Fungua Tendi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1971, yenye tenzi sita, ule wa Mwana Kupona ukiwemo, uliotungwa mwaka 1858. Allen, aliyezunguka mwambao miaka ya 1960 akikusanya miswada kwa ajili ya chuo cha Dar es Salaam, alikuwa ameona nakala za kutosha kujua kwamba hakuna iliyo kamili. Mhariri wa aina hii huandika: mswada huu una hivi, ule una vile, mimi nimechagua hivi. Anakuachia mlango wa kumpinga. Anakuambia pale alipobadilisha herufi, na pale ambapo neno limemshinda anasema limemshinda. Ukurasa wa namna hiyo hauvutii macho, na wachapishaji wangependa kuupunguza. Lakini ukiuondoa, msomaji hawezi tena kutofautisha sauti ya Mwana Kupona na dhana ya mtu aliyemchapisha.

Najua watakaouliza faida ya kutumia mwezi mzima kwa papa na pamba, wakati shule hazina vitabu. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba vitabu hivyo vya shule vinatoka hapa. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayechambua dhamira ya ubeti ambao mhariri aliusoma vibaya anachambua kitu ambacho mtunzi hakukisema, na mwalimu wake anampa alama kwa hilo.

Siku hizi picha za miswada mingi ziko kwenye intaneti. Mkusanyo wa miswada ulioko London unaweza kuutazama ukiwa Tanga, na miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha pia. Unaweza kukuza nukta mpaka ijae kioo. Hilo ni jambo jema sana, ingawa picha haikuambii kila mara kama nukta ile ni wino au tundu la mdudu. Kwa hilo lazima mtu aigeuze karatasi na kutazama nyuma. Kinachokosekana zaidi ni wasomaji. Idara za Kiswahili zinatoa wahitimu kila mwaka wanaojua mizani, vina, bahari na nadharia zote za uhakiki, na wengi wao hawawezi kusoma mstari mmoja wa khati ambayo fasihi yetu ya zamani imeandikwa nayo. Wakati huohuo, katika kila mtaa wa Mombasa, Unguja na Lamu kuna vijana wa madrasa wanaosoma herufi hizo tangu wakiwa na miaka sita, na hakuna aliyewaambia kwamba kwa herufi hizohizo babu zao waliandika Kiswahili. Ningependa kuona chuo kimoja kinachoziweka pande hizi mbili darasani pamoja kwa muhula mmoja, mswada mmoja mezani, na mshairi mzee wa hapohapo akilipwa kama mwalimu. Waanze na utenzi mfupi, ulio na nakala tatu zinazopingana.